MELI IKILEMEWA, TUSIMSINGIZIE SHETANI

Neno letu leo ni Matendo 27:9-12.

Paulo aliwaonya wenzake kabla meli haijang'oa nanga. Majira mazuri ya kusafiri yalikuwa yamepita, naye aliona hasara ya shehena, ya meli na hata ya maisha. Lakini akida aliwasikiliza nahodha na mwenye meli, na wengi wakakubali waende. Mwishowe ngano ikatupwa baharini, meli ikavunjika, na watu 276 wakafika pwani, wengine wakishikilia mbao. Mungu aliwaokoa, ndiyo. Lakini onyo lilitangulia dhoruba.

Sasa njoo hapa kwetu, Ziwa Victoria. Jumanne tarehe 21 Mei 1996, MV Bukoba ilipinduka ikikaribia Mwanza. Ilikuwa imetoka Bukoba, ikapitia Kemondo kuchukua abiria wengine na mizigo, zikiwemo ndizi. Uwezo wake ulikuwa abiria wapatao 430, na tayari ilijulikana kuwa na tatizo la kuyumba. Abiria wa daraja la tatu hawakuwa na orodha, ndiyo maana mpaka leo hesabu ya waliokufa ni makadirio: zaidi ya 800. Wengi wamezikwa Igoma, Mwanza.

Meli ilielea kichwa chini kwa muda, na ndani kulikuwa na watu hai wakigonga. Waokoaji wakaitoboa ili wawatoe. Hewa iliyoishikilia juu ikatoka, meli ikazama. Nia ilikuwa njema, lakini kosa lililoachwa gatini ni gumu sana kulirekebisha majini.

Je, tulijifunza? Tarehe 20 Septemba 2018, ziwa lile lile, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa walizidi 220.

Wapendwa, sisi wa kiroho tuna tabia moja. Ajali ikitokea tunakemea roho ya mauti, na maombi ni mazuri. Lakini pepo hakuuza tiketi Kemondo. Watu waliuza, watu wakapanda, na aliyejua akanyamaza.

Hapa Mowlem tunaifanya kila jioni. Matatu ya watu 14 imejaa, makanga anasema songa kidogo, ubao unawekwa katikati ya viti, na wewe mwana wa Mungu unakaa juu yake ukijifunika kwa damu ya Yesu. Shetani alimwambia Yesu ajirushe kutoka juu ya hekalu kwa sababu malaika watamdaka. Yesu alikataa kumjaribu Mungu (Mathayo 4:5-7). Imani haifuti hesabu ya viti.

Kwa hiyo kanisa likikodi basi kwenda kesha, tutapanda kwa idadi ya viti. Atakayebaki tutamtafutia gari lingine, hata kama sadaka itapungua. Na ukiona gari limelemewa, sema. Dada, sema. Kijana, sema, hata wakikucheka. Paulo alikuwa mfungwa mle melini na bado alisema.

Tuwaombee pia ndugu zetu wavuvi na wasafiri wa ziwani, kuanzia Homa Bay mpaka Mwanza.

Baba, tupe hekima ya kushuka kabla ya safari mbaya, na ujasiri wa kuonya. Katika jina la Yesu.

Andika AMEN, kisha mtumie mtu anayesafiri wiki hii. Mbarikiwe.