Treni ya Mwakyembe: abiria wa jiji kwenye reli za mizigo

Oktoba 29, 2012, wakazi wa Dar es Salaam walianza kupanda treni kwenda kazini. Zilikuwa njia mbili: ya TRL, kampuni ya reli iliyoendesha Reli ya Kati, kati ya Stesheni na Ubungo Maziwa, na ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, iliyofika Mwakanga. Dk. Harrison Mwakyembe, Waziri wa Uchukuzi wakati huo, ndiye aliyeisukuma kazi hiyo, na abiria hawakuhangaika kutafuta jina: wakaiita treni ya Mwakyembe.

Haja ilikuwa ya siku nyingi. Sensa ya 1967 iliikuta Dar es Salaam na watu wapatao 270,000. Ile ya 2012 ikahesabu zaidi ya milioni 4.3. Daladala zilijaa hadi mlangoni, na barabara za Morogoro, Mandela na Nyerere hazikupitika asubuhi wala jioni.

Hakuna reli mpya iliyojengwa. Mabehewa ya zamani yalikarabatiwa, yakawekwa kwenye njia zilizokuwapo. Reli ya Kati ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, ili mazao ya bara yafike bandarini. TAZARA ilijengwa kwa msaada wa China kati ya 1970 na 1975, ili shaba ya Zambia isitegemee tena njia za kusini zilizokuwa mikononi mwa walowezi na Wareno. Mfanyakazi wa Gongo la Mboto, pembezoni mwa jiji, hakuwamo katika hesabu za wajenzi wa reli hizo.

Ndiyo maana treni ilikwenda asubuhi na jioni tu. Njia ni moja: treni mbili zikikutana, moja lazima isubiri stesheni nyingine ipite. Tena Reli ya Kati ina upana wa milimita 1,000 na TAZARA 1,067, hivyo behewa la huku haliwezi kuvuka kwenda kule.

Hata hivyo huduma ilikua. Mwaka 2016 treni ya Pugu ilianza, ikawafuata watu waliohamia pembezoni kutafuta viwanja vya bei nafuu. Mwaka 2024 ikaja SGR, reli ya kisasa ya umeme, yenye upana wa milimita 1,435, ikielekea Morogoro na Dodoma.

Sasa jiji lina reli za vipimo vitatu, na zote zilichorwa kwa ajili ya safari ndefu. Dar es Salaam bado haijajenga reli ya kwake yenyewe.