Big Enough (filamu)

Big Enough ni filamu ya hali halisi ya Marekani kuhusu maisha ya kila siku ya watu wa kimo kifupi. Iliongozwa na Jan Krawitz, ikatoka mwaka 2004 na kurushwa na televisheni ya umma ya PBS, katika mfululizo wa POV, mwaka 2005. Krawitz aliwarudia baadhi ya watu waliokuwamo katika Little People, filamu aliyoitengeneza na Thomas Ott takriban miaka 20 kabla. Hapo ndipo ilipo thamani yake: vijana wa zamani wanaonekana sasa wakiwa watu wazima, wenye ndoa, kazi na malezi.

Suala la uzazi lina uzito wa pekee. Chanzo kikuu cha kimo kifupi ni akondroplasia, badiliko la jeni ya FGFR3 linalozuia mifupa mirefu kukua. Watoto wapatao 80% wenye hali hiyo huzaliwa na wazazi wa kimo cha kawaida. Wazazi wote wawili wakiwa nayo, kila mimba ina uwezekano wa 25% wa kurithi badiliko hilo kutoka pande zote mbili, na mtoto wa namna hiyo kwa kawaida haishi.