Uwandani au Kiwandani? Kuutafutia Jina Mwaka wa Kazini

Binti wa jirani yangu hapa Mbagala, mwanafunzi wa biolojia mwaka wa pili, alifika asubuhi moja kwenye geti la kiwanda cha vinywaji akiwa na bahasha ya kaki mkononi. Mlinzi aliitikia shikamoo yake, akamuuliza shida yake.

"Nimekuja fildi, baba."

Mzee akageuka kutazama malori na kreti nyuma yake. "Fildi ya nini, mwanangu? Hapa ni kiwandani."

Alikaa kwenye benchi la getini hadi saa sita. Alipoingizwa, kwenye daftari la wageni aliandikwa "kibarua", na kwa wiki mbili za mwanzo kazi yake ilikuwa kuosha chupa za maabara. Hakuna aliyemkusudia ubaya. Waliompokea hawakujua wamempokea nani. Tangu aliponisimulia kisa hicho, swali la mlinzi halijanitoka kichwani, kwa sababu naona lilikuwa swali la istilahi.

Fildi ni neno la wanafunzi wa vyuo vyetu vyote. "Upo fildi wapi?" ndiyo salamu yao ya likizo ndefu, kama wenzao wa Kenya wanavyosema wapo atachimenti. Sina ugomvi na neno la mkopo. Huku Temeke, eneo ilipo maabara ya serikali ya mifugo linaitwa Veterinari, na kondakta wa daladala huliita "Vetenari!" kama anavyoita Tandika au Mtoni. Neno likishaingia mdomoni mwa kondakta limeshapata uraia.

Ila fildi ina tatizo lake, na tatizo hilo humwumiza mwanabiolojia kuliko mtu mwingine. Mwanafunzi wa sheria au uhasibu akisema yupo fildi, tunajua yupo ofisini kwa watu. Mwanabiolojia anazo fildi mbili. Anaweza kuwa Kunduchi maji yakiwa yamekupwa, matope yamemfika magotini, anahesabu matundu ya kaa kwenye mikoko. Anaweza pia kuwa Chang'ombe, amevaa koti jeupe na wavu wa nywele, anapima kama kinywaji kina bakteria. Wataalamu wetu wa utafiti wana neno zuri kwa hiyo ya kwanza: uwandani. Kenya wanapenda nyanjani. Ya pili ni kiwandani, kama alivyosema mlinzi.

Uwanda, uwanja, kiwanja, kiwanda: yatamke haraka haraka uone yanavyofanana. Kamusi za zamani, ya Frederick Johnson ya mwaka 1939 ikiwemo, zinakieleza kiwanda kuwa mahali au ua wa kufanyia kazi, kabla neno halijahamia kwenye mabati na mitambo ya Barabara ya Nyerere. Kwa hiyo Kiswahili kilikuwa na jozi hiyo siku nyingi, herufi za mwanzo tu zikitenganisha mahali pa kutazama viumbe na mahali pa kuvifanyia kazi. Fildi imezifunika zote mbili kwa blanketi moja.

Lugha rasmi inasema mafunzo kwa vitendo. Ndilo jina lililomo kwenye fomu za Bodi ya Mikopo, na kwa wiki nane hivi za likizo linatosha. Lakini kila aliyesoma sayansi sekondari alifanya mtihani wa vitendo, akiwa na mmea mezani na saa ukutani, na hakutoka nje ya uzio wa shule. Vitendo vinaeleza namna ya kujifunza, havisemi mtu yuko wapi wala yuko chini ya nani. Binti yule alikuwa na barua yenye jina hilo ndani ya bahasha. Haikumsaidia.

Lipo pia tarajali, linalotokana na kutaraji. Daktari tarajali amemaliza chuo na anatumikia mwaka mmoja hospitalini kabla ya kupata usajili kamili. Mwalimu tarajali, kwa upande wake, mara nyingi bado yuko chuoni. Neno ni zuri, linamtazama mtu kwa kile anachotarajiwa kuwa. Lakini nyuma ya daktari na mwalimu kuna taaluma yenye jina na kiti kinachosubiri. Mwanafunzi wa biolojia wa mwaka wa pili anatarajiwa kuwa nani? Mpimaji wa ubora, mtafiti wa mihogo, mkaguzi wa dawa, mhifadhi? Mwenyewe hajui, na anakwenda kazini ili ajue.

Hoja hii inakuwa nzito tukitoka kwenye wiki nane na kuingia kwenye mwaka mzima. Uingereza, historia ya masomo yanayochanganywa na kazi huwa wanaihesabu kuanzia mwaka 1903, wanafunzi wa uhandisi wa Sunderland walipoanza kugawa masomo kati ya chuo na kiwanda. Marekani, Herman Schneider alianzisha mpango wa aina hiyo katika Chuo Kikuu cha Cincinnati mwaka 1906. Leo mwanabiolojia wa Uingereza anaweza kumaliza mwaka wa pili, akaenda mwaka mzima kwenye kampuni ya dawa au maabara ya utafiti, halafu akarudi kumalizia shahada, ya miaka minne badala ya mitatu. Wao huita utaratibu huo sandwichi, kwa kuwa kazi imekaa katikati ya vipande viwili vya masomo. Jina hilo haliwezi kuvuka bahari. Mzazi wa Tandika akiambiwa mwanawe anasoma shahada ya sandwichi hataambulia kitu.

Mimi nachagua uanagenzi. Serikali imeshalitumia katika mpango wake wa kukuza ujuzi wa vijana, na wengi wakilisikia huwaza VETA Chang'ombe, ushonaji na umakenika. Nimewasikia wahadhiri wakisema ndiyo sababu halifai chuo kikuu. Kwangu hiyo ndiyo sababu linafaa. Kamtazame mtu anayejua kuotesha bakteria. Anashika kitanzi cha waya, anakichoma kwenye moto wa gesi hadi kiwe chekundu, anakisubiri kipoe, anagusa sampuli kidogo sana, kisha anachora mistari juu ya agari bila kuichana, mkono mwepesi kama wa mpiga hina. Akibonyeza, amechimba mtaro. Akisahau kuchoma waya kati ya mkupuo mmoja na mwingine, kesho atakuta utando mmoja mahali pa vidoadoa vilivyoachana. Kitabu kitakueleza hayo kwa aya moja. Mkono unayajua baada ya sahani mia, pembeni ya mtu aliyeharibu zake mia kabla yako. Huo ni ufundi. Mwanagenzi si kibarua, na si saidia fundi wa kubeba zege. Ana bwana wake wa kazi, ana muda wake, na siku moja atashika waya mwenyewe.

Basi uwe mwaka wa uanagenzi, kisha useme wapi: kiwandani, maabarani, uwandani. Baraza la Kiswahili, lililoundwa mwaka 1967, limesanifisha maneno magumu kuliko hili, na TUKI ilitoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990. Hadubini na usanisinuru vimo katika Kiswahili chetu cha sayansi. Tuna majina ya kifaa na ya mchakato. Anayekosa jina ni mtu anayejifunza kuvitumia.

Na mwaka mmoja, si wiki nane, kwa sababu nyingine tena. Chuoni biolojia inasomwa kwa Kiingereza. Kazini inafanywa kwa Kiswahili. Kijana mwingine ninayemfahamu alikuwa na kundi lililokwenda kukagua mihogo Mkuranga. Aliyajua majina ya virusi vyote kama yalivyo kwenye vitabu, akaanza kumweleza mwenye shamba. Mama yule akamsikiliza hadi mwisho, akalikunjua jani lenye mabaka ya njano na kujikunja, akasema, "Hii batobato. Ya michirizi ile pale," akaonyesha shina la pili, ambalo kijana alikuwa amelipita akilidhani zima, kwa sababu juu lilikuwa limestawi na ugonjwa umejificha mizizini.

Jioni alijaza daftari lake la kumbukumbu za kazi, lile linalotiwa saini na msimamizi kila wiki, lenye safu zote kwa Kiingereza. Kwenye safu ya mambo aliyojifunza aliandika maneno mawili ya Kiswahili, batobato na michirizi. Msimamizi alisoma, akaongeza la tatu kwa kalamu nyekundu, inzi weupe, wanaovibeba virusi vya magonjwa yote mawili, kisha akatia saini.