Jina la Musa: Asili, Maana na Mpaka wa Dini Mjini Isiolo

Jina la mtu ni matini fupi, lakini si jepesi kufasiriwa. Jina la Musa ni kielelezo kizuri. Katika Kutoka 2:10, binti Farao anampa mtoto jina hilo kwa sababu alimtoa majini. Kitenzi cha Kiebrania kinachotajwa hapo ni masha, yaani kuopoa. Hata hivyo, umbo Moshe kisarufi ni la mtenda: 'aopoaye', wala si 'aliyeopolewa'. Jina, basi, latangulia kisa: aliyeokolewa mtoni ndiye atakayewavusha wenzake baharini.

Wataalamu wengi wa lugha za kale huliona chimbuko jingine, nalo ni neno la Kimisri lenye maana ya 'kuzaliwa' au 'mwana', lililomo katika majina ya wafalme kama Thutmose na Ramesses. Maelezo haya mawili hayabatilishani. La pili laeleza historia ya neno. La kwanza laeleza kazi ya neno katika masimulizi.

Mjini Isiolo, ambako Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu ni majirani, jina hili limebeba maana ya tatu. Musa hudhaniwa kuwa Mwislamu; Moses hudhaniwa kuwa Mkristo. Dhana hiyo haina mashiko katika matini zenyewe. Kurani humtaja Musa kuliko nabii mwingine yeyote, na Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka mwaka 1952, nayo yatumia umbo Musa. Umbo Moses limeingia kwa njia ya Kiingereza, hasa kupitia ubatizo na shule. Kinachowatenganisha wenye majina hayo, kwa hiyo, ni historia ya ukoloni na elimu zaidi ya maandiko.

Suala hili si dogo. Katika mji ambao umewahi kushuhudia mapigano ya kikabila, jina laweza kumtambulisha mtu kabla hajafungua kinywa. Mhakiki anayekutana na mhusika aitwaye Musa hana budi kujizuia asimpe dini kabla ya matini kumpa. Na katika nchi kame inayoutegemea mto Ewaso Ng'iro, jina litokanalo na maji ni urithi wa wote wanaoyateka.