Mgomo wa Kabambare

Februari 1871, watu kumi waliotumwa kutoka Zanzibar waliingia Kabambare, katika nchi ya Manyema, wakamkuta mpelelezi David Livingstone, ambaye mwaka uliotangulia vidonda vya miguu vilimlaza hapo kwa miezi kadhaa. Alikuwa amewangoja kwa hamu. Wao wakagoma. Walitaka mshahara uongezwe, tena wakashikilia kwamba balozi mdogo wa Uingereza aliwaagiza wamrudishe mzee pwani, si kumfuata atakako. Mwishowe Livingstone akakubali dola 6 kwa mwezi, mradi wawe na mwenendo mzuri, na tarehe 16 wakashika njia ya Nyangwe.

Shajara yake inawasema vibaya sana. Lakini hawa walikuwa watumwa wa Wabanyani wa Zanzibar, waliokodishwa kwa safari ambayo hawakuulizwa. Kugoma ndiyo kauli waliyokuwa nayo.

Misafara ya Manyema iliishi kwa magomvi ya namna hii: uzito wa mzigo, posho iliyopunjwa, urefu wa mwendo. Dawa yake ilikuwa shauri. Mnyapara aliketi na watu wake, kila upande ukasema, na anayeona ameonewa angeweza usiku kuutua mzigo na kutoroka, jambo ambalo kila mwenye msafara alilijua na kuliogopa.   

Shauri lenyewe halikuzuia ugomvi wa wakubwa. Oktoba 1876, karibu na Kasongo, mpelelezi Henry Morton Stanley alimwomba mfanyabiashara Tippu Tip amsindikize. Tippu Tip aliwauliza kwanza ndugu zake, kisha mkataba ukaandikwa: vituo 60, kila kimoja mwendo wa saa nne, kwa dola 5,000. Waliondoka Nyangwe tarehe 5 Novemba. Msituni, matope na giza vilimchosha Tippu Tip na watu wake, naye katikati ya mwezi akataka kujitoa. Wakapatana upya: vituo 20 zaidi, dola 2,600. Krismasi waliisherehekea pamoja, Tippu Tip akamshinda Frank Pocock katika mbio za miguu na kuondoka na kikombe cha fedha. Siku chache baadaye wakaagana. Lakini katika maisha yake aliyoyaandika mwenyewe kwa Kiswahili, Tippu Tip analalamika kwamba Stanley hakutimiza ahadi, na maelezo ya wawili hawa hayajapata kulingana.

Shauri lililokwenda vizuri zaidi lilifanyika mwaka uliofuata, chini zaidi kwenye Mto Kongo, miongoni mwa mabaharia wa Lady Alice, mashua ya Stanley. Uledi, nahodha wao hodari aliyeokoa wengi majini, alikamatwa na shanga za wizi wakati kambi ina njaa. Stanley hakuhukumu peke yake. Aliwaita wakubwa wa msafara, Manwa Sera akiwa mbele. Wakaamua achapwe. Hapo Shumari, nduguye, akaomba agawane naye viboko, na Saywa, binamu yake, akaomba apigwe badala yake. Stanley akawaachilia wote watatu, na Uledi akarudi kushika usukani.