Gari Linalozimika Lenyewe: Historia Fupi ya Kusaka Hitilafu Inayojificha

Haya wasomaji, leo tuiache kompyuta kando kidogo. Si mbali sana, mtaona wenyewe tunakoelekea.

Kati ya hitilafu zote za gari kuukuu, hakuna inayomchosha fundi kama hii. Injini inazimika njiani bila sababu. Unalisukuma gari pembeni, unafungua boneti, unasubiri robo saa, unawasha... linawaka kana kwamba halikuwa na neno. Unalipeleka gereji, linanguruma vizuri mchana kutwa. Kesho yake, kwenye mlima uleule, linazimika tena.

Na si usumbufu tu. Injini ikizimika kwenye mteremko, kile kifaa kinachoongeza nguvu ya breki kinabaki na akiba ndogo. Ukikanyaga mara mbili tatu, pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Ukiwa umebeba abiria au magunia ya mchele, hilo si jambo la kucheka.

Swali langu la leo ni la kihistoria: mafundi wetu wamekuwa wakiisakaje hitilafu ya namna hii, na nini kimebadilika? Jibu langu kwa ufupi: kilichobadilika ni mahali ushahidi unapohifadhiwa. Zamani ulikaa kwenye masikio na vidole vya fundi. Siku hizi sehemu yake inakaa ndani ya gari lenyewe.

Nimechagua kuanzia Kutus, kaunti ya Kirinyaga, kwa sababu ya barabara zake. Kutus ni njia panda. Upande mmoja unapanda kwenda Kerugoya na nchi ya chai, upande mwingine unashuka kwenye mashamba ya mpunga ya Mwea ambako jua halina huruma. Ukizunguka mlima hadi Nyeri, mwezi wa Julai utakuta baridi na manyunyu. Gari moja linaweza kuonja hali zote hizo kwa siku moja, na hitilafu inayojificha huletwa na hali.

Gari lililotawala barabara hizi kwa miaka mingi lilikuwa Peugeot. Sifa yake ilijengwa na mashindano ya Safari Rally: Peugeot 404 ilishinda mwaka 1963, kisha 1966, 1967 na 1968, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta aliziruhusu matatu kubeba abiria bila leseni maalumu ya magari ya abiria, biashara ikapanuka. Pikapu ya 504 ilipotoka mwaka 1979, ilipata kazi tele: watu, miraa, ndizi, mchele. Magari ya 504 yaliendelea kuunganishwa nchini Kenya hadi 2004.

Sasa tufungue boneti ya pikapu hiyo. Cheche ya kuchoma petroli ilitokana na mfumo ambao Mmarekani Charles Kettering aliutengenezea magari ya Cadillac takriban mwaka 1910. Ni mfumo rahisi: vipande viwili vya chuma, pointi, vinafunguka na kufunga vikizungushwa na injini. Kila vinapofunguka, umeme wa koili unakatika ghafla na cheche kali inaruka kwenye plagi. Pembeni kuna kondensa, kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue na kuifanya cheche iwe na nguvu.

Kikopo hicho ni maarufu kwa utundu. Kikianza kuharibika, mara nyingi hufanya kazi kikiwa baridi na kukataa kikipata joto. Koili nayo ni vivyo hivyo: waya uliokatika ndani unagusana ukiwa baridi na kuachana ukipata moto. Gari linapanda Kerugoya, injini inachemka, cheche inapotea. Ukisubiri robo saa, chuma kinapoa, cheche inarudi. Ushahidi umeyeyuka mbele ya macho yako.

Petroli nayo ina hila zake. Kwenye joto la Mwea inaweza kugeuka mvuke ndani ya bomba kabla ya kufika kwenye kabureta, na pampu ya zamani haiwezi kusukuma mvuke. Kadiri unavyopanda juu kutoka usawa wa bahari ndivyo petroli inavyochemka upesi zaidi. Dawa ya dharura ya madereva ilikuwa kitambaa kilicholoweshwa maji juu ya pampu. Kwenye baridi ya Nyeri kisa ni kinyume: petroli ikigeuka mvuke ndani ya kabureta hunyonya joto, na unyevu wa hewa unaweza kuganda kuwa barafu na kuziba njia. Injini inazimika, joto lake linaiyeyusha barafu, na fundi akifika hakuti kitu ila maji kidogo.

Kuna nyingine mbili ninazozipenda kwa ujanja wake. Tundu dogo la hewa kwenye kifuniko cha tangi likizibwa na vumbi, petroli inashindwa kutoka. Ukifungua kifuniko unasikia hewa ikifyonzwa, fsss, na gari linawaka. Ya pili ni kutu ndani ya tangi. Ikivutwa inaziba mdomo wa bomba. Injini ikizimika mvuto unakwisha, kutu inaanguka chini, njia iko wazi tena.

Fundi hodari wa enzi hizo alifanyaje? Hakuanza na spana, alianza na maswali. Lilizimikaje? Kama lilikatika ghafla mithili ya mtu aliyezima kwa ufunguo, alishuku umeme. Kama lilikohoa na kurukaruka kabla ya kufa, alishuku petroli. Limetembea muda gani? Tangi lilikuwa na kiasi gani? Kisha aliondoka nalo hadi lizimike, na hapohapo, kabla halijapoa, alichomoa waya wa plagi na kuusogeza karibu na chuma cha injini kutazama cheche. Ipo? Haipo? Kwa jibu hilo moja, nusu ya gari imekwisha kuondolewa lawama.

Sisi tunaoandika programu tunaijua njia hiyo: gawa tatizo mara mbili, tupa nusu isiyo na kosa, endelea. Mwaka 1985 Jim Gray, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Tandem, aliandika ripoti kuhusu kwa nini kompyuta husimama. Alitenganisha wadudu wa programu wa aina mbili: wale wanaojitokeza kila ukirudia hatua zilezile, na wale wanaotoweka ukianza kuwatafuta. Hawa wa pili aliwaita Heisenbug, akichezea jina la mwanafizikia Heisenberg. Fundi wa 504 alikuwa akipambana na jamii hiyohiyo, bila jina la Kijerumani.

Miaka ya 1990 soko la Kenya lilifunguka na magari yaliyotumika yakaingia kwa wingi kutoka Japani. Toyota Corolla haikuwa na pointi, na nyingi hazikuwa na kabureta. Kompyuta ndogo ilipima hewa na joto na kuamua kiasi cha petroli. Wengi waliogopa. Lakini kompyuta hiyo ilileta kitu kipya kabisa: kumbukumbu.

Kwenye Toyota za miaka hiyo kuna kiboksi cha majaribio. Ukiunganisha matundu mawili, TE1 na E1, kwa kipande cha waya na kuwasha swichi, taa ya injini kwenye dashibodi inaanza kukonyeza. Konyezo moja, kituo, konyezo mbili: namba 12. Namba 12 na 13 zinahusu ishara ya mzunguko wa injini, 14 inahusu ishara ya cheche. Gari linasimulia lililolipata jana huku likinguruma vizuri leo! Marekani ilikwenda mbali zaidi, ikalazimisha mfumo mmoja wa OBD-II kwa magari mapya kuanzia 1996. Mfumo huo unaweza kuhifadhi hata picha ya hali ilivyokuwa hitilafu ilipotokea: joto, mwendo, mzigo wa injini. Kwa lugha yetu, ni faili la logi.

Ila angalieni mtego. Kwenye Toyota hizo za zamani, ukichomoa waya wa betri kumbukumbu inafutika. Fundi anayeanza kazi kwa kuchomoa betri amemfukuza shahidi kabla ya kumsikiliza. Tena namba haisemi kifaa gani kimekufa, inasema ni njia gani ya umeme iliyonyamaza. Inaweza kuwa kifaa, inaweza kuwa waya uliochubuka au plagi ya waya iliyolegea. Na joto halijaacha tabia yake: saketi yenye ufa kwenye risasi huachana ikichemka na kuungana ikipoa, kama koili ya 504.

Hapa ndipo ninapoona hasara. Kijana mwenye kisomaji cha namba anasoma 14, anaagiza spea, anabadilisha, gari linazimika tena, anaagiza nyingine. Anayelipa ni mwenye gari. Maarifa ya kuuliza, kusubiri na kugawa mara mbili hayamo kwenye kile kisomaji. Yako vichwani mwa mafundi wazee, na machache sana yameandikwa kwa Kiswahili. Kutus ina bahati: Chuo Kikuu cha Kirinyaga, kilichopata hati mwaka 2016 baada ya kuanza kama taasisi ya ufundi, kiko jirani tu na gereji za jua kali. Pande hizo mbili zina mengi ya kupeana.

Wakati tukingoja, wewe mwenye gari kuukuu weka kijitabu garini. Kila likizimika andika saa, umetembea muda gani, mlima au tambarare, jua au mvua, tangi lina kiasi gani, na kama lilikatika ghafla au lilikohoa. Baada ya mara tano mpe fundi hicho kijitabu kabla ya kumpa ufunguo.