Zima Taa

Mwaka 1994, maji ya bwawa la Mtera yalipopungua kwa ukame, Dar es Salaam iliingia katika mgawo wa umeme. Sisi wa kijijini Karagwe tulizipata habari hizo redioni, pamoja na wito wa kuzima taa zisizo za lazima. Bibi yangu aliuliza, "Wanamwambia nani?"

Taa yetu ilikuwa koroboi moja. Kila jioni bibi aliitikisa, akasikiliza mafuta yaliyobaki, ndipo akaamua kama tutasoma au tutalala. Mafuta yale yalitoka katika fedha ya kahawa, na kahawa ina msimu wake. Hakuna aliyemfundisha bibi kubana matumizi.

Serikali ilikuwa imetoa Sera ya Nishati mwaka 1992; zikafuata za 2003 na 2015, zikihimiza matumizi bora ya nishati. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa 2005, na Wakala wake, REA, ukaanza kazi 2007. Nguzo zikafika taratibu katika vijiji vyetu, vikiwemo vile vilivyomegwa mwaka 2012 kuwa Wilaya ya Kyerwa.

Shangazi yangu wa Kyerwa alipowekewa umeme alinunua balbu za bei ya chini, zile za waya, za wati 60. Balbu moja ya namna hiyo ikiwaka saa tano kila usiku, hula uniti tisa kwa mwezi. Ya LED ya wati tisa haifikishi uniti moja na nusu. Kwa mteja wa bei nafuu, ambaye hatakiwi kuzidi uniti 75 kwa mwezi, tofauti hiyo si ndogo. Shangazi hakuambiwa hayo na mtu. Aliyaona kwenye mita ya LUKU, namba zikishuka mbele ya macho yake.

Hapo nilimkumbuka bibi na koroboi yake. Mtu hubana kile anachoweza kukiona kikipungua. Kumwambia tu "zima taa" ni kumlaumu. Kumwonyesha kila kifaa kinakula kiasi gani ndiko kumfundisha. Elimu hiyo ingefaa ifike siku ileile fundi anapofunga mita, kabla mwenye nyumba hajaenda dukani kununua balbu.

Siku hizi shangazi, kabla ya kulala, huchungulia mita. Ndivyo anavyotikisa koroboi yake.